Talaka ya Darubini

Seif bin Abeid alirudi Nyakasimbi na mizigo kumi na minane ya ngozi, mizigo minne ya kahawa, na kidonda kimoja chini ya kitovu ambacho hakuna mpagazi aliyekiona.

Hakikuwa kidonda kikubwa. Kililingana na kifungo cha kanzu. Kingo zake zilikuwa ngumu, katikati pamelowa, na kilichomkosesha raha Seif kuliko yote ni kwamba hakikuuma. Kidonda cha kawaida huuma. Mtu akiungua ataruka, jipu likiiva hatalala. Hiki alikibonyeza kwa kidole, akakikandamiza, akakimwagia maji ya chumvi, wapi. Kimya. Halafu, siku mbili kabla ya kufika nyumbani, mitoki ikamwota kwenye kinena, mmoja kila upande, migumu kama kokwa, nayo pia haikuuma.

Seif hakuwa mtoto. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, na baba yake alikuja Karagwe na misafara kutoka Pangani kabla Wadachi hawajaijua njia. Alikuwa amewaona wanaume wa misafara wakianza na kidonda cha kimya kama hiki na kumaliza bila pua. Jina la ugonjwa alilijua. Kaswende. Na kwa Seif, kama kwa kila mwanamume aliyekunywa naye kahawa, kaswende ilikuwa na mlango mmoja tu duniani, nao ni mwanamke.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Kwa miaka minne Seif hakuwa amemgusa mwanamke yeyote isipokuwa mke wake, Zuleha. Hilo angeweza kuliapia msahafu mbele ya watu. Alikuwa na makosa mengine, ya ulimi hasa, lakini hilo hakuwa nalo. Basi kama ugonjwa ulitoka kwa mwanamke, na mwanamke aliyemgusa ni mmoja, hesabu ilikuwa fupi mno.

Aliifanya hesabu hiyo njia nzima kutoka Nyakatuntu, alikonunulia ngozi, na kila alipoirudia jibu lilikuwa lile lile.

*

Alipofika nyumbani, kitu cha kwanza alichokiona barazani kwake ni Abdulatifu.

Abdulatifu alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mshona kofia, mrefu, mwenye sauti nzuri ya kuadhini na maneno mengi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Seif, miguu ameikunja, kofia isiyokwisha ipo gotini, nyuzi zimetapakaa.

"Karibu nyumbani, Bwana Seif! Tulishaanza kukusomea dua, tukidhani Wanyambo wamekuoza huko."

"Nani aliyekupa mkeka huu?"

"Wewe bwana! Siku uliyoondoka. Ulisema, 'Kaa hapa, duka lisionekane halina mtu.' Au safari imekula kichwa?"

Kweli Seif alikuwa amesema hivyo. Lakini alikuwa amesema wakati hana kidonda.

Zuleha akatoka na kopo la maji ya kunawa. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye macho yasiyokubali kuonewa. Alikuwa amejipaka wanja. Kwa mtu mwingine, mke kujipaka wanja kwa ajili ya mume anayerudi baada ya siku arobaini na mbili ni jambo la kushukuru. Seif aliutazama ule wanja akajiuliza umeanza kupakwa lini.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba." Akapokea maji bila kumgusa mkono.

Siku hiyo akalala kwenye ghala la ngozi. Akasema panya wanazitafuna, lazima aulinde mzigo. Siku ya pili akasema hivyo hivyo. Siku ya tatu Zuleha alimfuata ghalani mchana, akasimama mlangoni na kitambaa puani kwa sababu ya harufu.

"Panya wa mwaka huu wanakupenda kuliko mimi?"

"Nimechoka na safari."

"Umechoka kula pia? Umechoka kuoga mbele yangu? Seif, nitazame. Kuna mwanamke Nyakatuntu?"

"Mwanamke!" Alicheka kicheko kibaya. "Wewe ndiye wa kuniuliza mimi habari za mwanamke?"

"Nikuulize nani, panya?"

"Na huyo mshona kofia. Anashona kofia ngapi kwa siku, hapo barazani kwangu?"

Zuleha akanyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza, na wote wawili waliijua. Seif alikuwa amekwisha kumwacha mara mbili. Mara ya kwanza ni pale Zuleha alipokwenda arusini Bukoba bila kuaga. Mara ya pili ni pale alipomjibu mbele ya wageni. Mara zote mbili hasira zilipoa kabla eda haijaisha, akamrejea, wakakaa vizuri. Lakini talaka ni tatu. Mbili zilishatumika, na iliyobaki ilikuwa moja. Ikitoka hiyo hakuna kumrejea, mpaka aolewe na mwanamume mwingine, aingiliwe, aachwe, na eda yake iishe. Tangu hapo Zuleha aliyapima maneno yake, na Seif alijua kuwa anayapima, na kuna siku alifurahia kujua hivyo.

"Anashona kofia moja kwa siku saba," Zuleha akasema polepole. "Umeuliza, nimekujibu." Akaondoka.

Jibu hilo lilimkaa Seif kifuani. Mwanamke anajuaje kofia moja huchukua siku saba?

*

Kabla hatujaenda mbele, lipo jambo moja ambalo Seif hakumwambia mtu, na hata yeye mwenyewe hakuliweka kwenye hesabu yake.

Siku ya tatu baada ya kufika Nyakatuntu alikuwa amechanjiana na mtu anayeitwa Kabyemera. Ngozi zote za upande ule zilipita mikononi mwa Kabyemera, na Kabyemera hakuuza kwa mgeni. Ukitaka akuuzie, na wapagazi wako wasiibiwe, na ukiugua upewe kitanda, ilikupasa uwe ndugu yake. Wanyambo, wenyeji wa nchi ile, huuita udugu huo omukago. Mnaketi kwenye mkeka mmoja. Kila mmoja anachanjwa chale ndogo chini ya kitovu. Buni mbili zinapakwa damu, wewe unameza yenye damu ya mwenzako, naye anameza yako. Kuanzia hapo nyumba yake ni yako.

Wafanyabiashara Waislamu wengi walifanya hivyo, na hakuna aliyekiri. Damu ni haramu kuila. Kila mtu aliyejua alijifanya hajui, na chale ikifunikwa na kanzu basi mambo yamekwisha. Chale ya Seif ilipona kwa siku tano. Kidonda kilitokea siku ishirini na mbili baada ya kuchanjwa, palepale karibu na kovu. Kwa sababu kovu lilishakauka na kusahaulika, Seif hakuona uhusiano wowote. Aliona tu kwamba kidonda kimechagua mahali pabaya, kwa kuwa hawezi kukionyesha bila kuonyesha na chale.

*

Alianza kutafuta kipimo.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mlaguzi mmoja mzee aliyekaa nyuma ya migomba, mwendo wa asubuhi moja. Seif alikwenda akiwa amejifunga kilemba hadi puani asitambuliwe. Mlaguzi akachinja kuku, akampasua, akayatazama matumbo.

"Unamshuku nani?" akauliza mzee.

"Mke wangu."

Mzee akayageuza matumbo. "Ni mke wako."

Seif alirudi njiani akiwa na jibu, lakini halikumtuliza. Angesema anamshuku ndugu yake, je, kuku angebisha?

Kipimo cha pili kilikuwa cha Mwalimu Abdulrahim, aliyefundisha watoto Kurani pale sokoni. Huyu alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye jicho moja bovu. Seif alimwambia ana kidonda kisichouma na mitoki, akataka kombe.

"Nionyeshe."

"Kipo mahali pa aibu, Mwalimu."

"Kombe nitakuandikia, utaosha, utakunywa. Lakini sitakudanganya. Huenda ikawa buba. Huenda ikawa upele wa safari. Mimi sijui, na wino wangu haujui. Wadachi wameweka kambi ya malale kule Kimuli. Wana darubini ya kutazamia vidudu. Wanakwangua kidonda, wanaweka kwenye kioo, wanachungulia. Wanasema kila ugonjwa una kidudu chake. Ukitaka kujua, nenda kule. Ukitaka kuhisi tu, baki hapa."

"Na darubini haisemi uongo?"

"Chombo kitasemaje uongo? Wanaosema uongo ni watu."

Neno hilo lilimwingia Seif vizuri sana. Ndipo likamjia wazo ambalo aliliona la akili, na ambalo lingemgharimu.

Kesho yake asubuhi alimwita Mwalimu Abdulrahim barazani, akamkalisha. Abdulatifu alikuwa palepale na kofia yake, akataka kuondoka kwa heshima.

"Kaa," Seif akasema. "Wewe hasa kaa."

Akamkazia macho mshona kofia. Alitaka kuuona uso wake utakavyogeuka.

"Mwalimu, na wewe Abdulatifu, mnisikie, nyinyi ni mashahidi wangu. Mimi nina kidonda nisichojua kimetoka wapi. Nje ya nyumba hii sijagusa mwanamke. Kesho naenda Kimuli. Darubini ya daktari ikionyesha kwamba nina kaswende, basi Zuleha binti Mbaraka ameachika kwa talaka ya tatu. Isipoonyesha, ni mke wangu kama alivyokuwa."

Sindano ya Abdulatifu ilisimama. Uso wake haukugeuka kuwa wa hofu wala wa hatia. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona mwenzake akijikojolea hadharani.

"Bwana Seif," Mwalimu akasema, "hayo ni maneno mazito kuyatundika kwenye kigae cha kioo. Ungemuuliza kwanza mwenyewe."

"Wewe ulisema wanaosema uongo ni watu."

Nyuma ya pazia la mlango, kopo lilidondoka sakafuni. Abdulatifu akaitazama kofia yake, akafumua mshono alioukosea, akaanza upya.

*

Kufika Kimuli kulimchukua siku mbili. Kambi ilikuwa na vibanda vya nyasi vilivyopangwa kwa mstari, na watu wengi wamekaa chini wakisubiri kushikwa shingo. Malale ilikuwa ikianzia kwenye tezi za shingo, kwa hiyo kila aliyefika alipapaswa shingo kwanza, awe amekuja na jino bovu au na mguu uliovunjika.

Msaidizi wa daktari alikuwa mtu wa Tanga, jina lake Hatibu, mnene, mwenye kofia safi na mikono iliyonukia dawa. Akampapasa Seif shingo.

"Shingo njema. Nenda zako nyumbani."

"Sikuja kwa shingo."

Hatibu akamtazama, akatabasamu, akamwingiza kibandani. "Enhe. Wa pwani mwenzangu hawezi kutembea siku mbili kwa ajili ya shingo. Toa."

Seif akapandisha kanzu, akaacha kiganja kimefunika upande mmoja.

"Ondoa mkono."

"Kidonda ni hiki hapa."

"Nimekwambia ondoa mkono, mzee. Mimi siyo mke wako."

Akauondoa. Hatibu akainama, akakitazama kidonda, akabonyeza mitoki, akarudi kwenye kidonda, akakaa hapo kwa muda.

"Umelala na nani?"

"Mke wangu. Peke yake."

"Mara ya mwisho?"

"Usiku wa kuamkia safari. Leo siku ya hamsini."

"Kidonda ulikiona lini?"

"Siku ya ishirini na tano tangu nifike Nyakatuntu."

"Na kovu hili la pembeni? Nani alikuchanja?"

"Mwiba," Seif akasema haraka.

Hatibu aliangua kicheko mpaka mgonjwa wa kibanda cha pili akauliza kuna nini. "Mwiba! Mwiba ulionyooka hivi, urefu wa ukucha, chini ya kitovu! Nimekaa nchi hii miaka mitatu, mzee wangu. Kila mfanyabiashara mwenye ngozi nyingi ana mwiba huo huo, mahali hapo hapo. Misitu ya huku ina adabu sana, haichomi masikini."

Seif akaona joto likimpanda usoni. "Ni mwiba," akarudia.

"Haya, ni mwiba."

Daktari akaja. Alikuwa Mdachi kijana, mwekundu, aliyezungumza Kiswahili cha amri. Akakikwangua kidonda kwa kijiko kidogo mpaka maji maji yakatoka, akayaweka juu ya kigae, akafunika mwanga, akachungulia kwenye darubini. Hakukaa sana. Akamwita Seif kwa kidole.

"Tazama."

Seif akainama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha ndani ya giza akaona vitu vyeupe, vyembamba kuliko unywele, vimesokotwa kama uzi uliofumuliwa kwenye kofia ukabaki na mikunjo yake. Vilikuwa vikienda. Kimoja kilijikunja katikati, kikajinyosha, kikaendelea na safari yake.

"Kaswende," daktari akasema. "Huyo ndiye mdudu wake. Hakuna shaka." Akaandika kwenye karatasi, akatoka kwenda kushika shingo nyingine.

Seif akarudi nyuma hatua moja. Akaketi kwenye sanduku. Kwa hiyo ni kweli, akajiambia. Ni kweli, na Zuleha ameshaachika, hivi sasa, akiwa nyumbani anachambua mbegu za maboga. Alitarajia hasira. Hasira haikuja.

"Mke wangu naye apimwe," akasema. "Nataka nimwone naye kwenye darubini."

"Ana kidonda?"

"Sijui. Sijamkaribia tangu nirudi."

"Asiye na kidonda, darubini haina cha kumtazamia. Kipo kipimo cha damu, lakini hapa hatuna. Itabidi ipelekwe pwani, na majibu yakirudi mkeo atakuwa ameshaitwa bibi." Hatibu akafunga mlango wa kibanda, akashusha sauti. "Sasa nisikilize, na mwiba wako. Ugonjwa huu hauna haja ya kitanda. Unataka ngozi iliyochanika tu. Na pale unapoingilia ndipo kidonda cha kwanza kinapotoka, baada ya wiki tatu hivi. Siyo mkononi, siyo sikioni. Pale pale. Kama ungeutoa kwa mwanamke, kidonda kingekuwa kwenye kitu chako, siyo hapo juu. Wewe mlango wako ni huo mwiba. Huo mwiba ulikuwa na afya gani?"

Seif aliliangalia kovu. Alikuwa amemwona Kabyemera. Alimwona amekaa kwenye mkeka wao mmoja, akicheka, pembe za mdomo wake zimepasuka na kuwa na utando mweupe, naye akisema ni tumbaku. Akamwona akikitemea mate kijiwe, mara mbili, mara tatu, akinoa kile kisu kidogo juu ya mate yake. Akamwona akijichanja mwenyewe kwanza, kisha akimgeukia yeye na kisu kile kile bila kukifuta.

"Ee Mola," akasema.

"Enhe," Hatibu akasema. "Nilidhani hivyo."

"Huwezi kuandika kuwa ni buba?"

"Kwa nini buba?"

Seif akamweleza habari ya talaka. Hatibu alisikiliza mpaka mwisho, na mara hii hakucheka.

"Karatasi imeandikwa kwa Kidachi," akasema. "Nani Nyakasimbi anasoma Kidachi? Waambie unalotaka. Mimi hapa na wewe huko. Lakini kama bado unataka kuwa naye, usimguse, wala asikiguse hicho kidonda. Dawa hii ya zebaki ujisugue kila siku, na baada ya mwezi uende Bukoba. Wanayo sindano mpya huko. Mshukuru Mungu kwa ule ununaji wako wa kulala ghalani. Ndio uliomwokoa mwanamke wa watu."

*

Siku mbili za kurudi Seif hakuzungumza na mtu. Alijifunza neno moja tu: buba. Alilisema kwa sauti ya kawaida. Akalisema kwa sauti ya furaha. Buba hata watoto wanayo. Buba haina aibu. Angesema buba, Mwalimu angesema alhamdulillahi, na hakuna ambaye angejua ila yeye, Hatibu, na Mungu. Alipofika kwenye neno la mwisho, Mungu, alirudi mwanzo.

Zuleha alikuwa amekaa kizingitini. Abdulatifu alikuwa barazani, mgongo ameugeuzia mlango. Tangu siku ile alikaa hivyo, mgongo kwa mlango, ili asije akasingiziwa hata macho.

"Darubini imeonyesha nini?" Zuleha akauliza. Hakuamkia.

"Ingia ndani."

Wakaingia. Akasimama mbele yake, mikono ameikunja.

"Sema, Seif. Nimekaa siku tano sijui kama mimi ni mke wa mtu au ni mgeni humu ndani. Hata maji ya kunawia naogopa kuyatumia."

"Buba," akasema. Sauti haikuwa ya kawaida wala ya furaha. "Ni buba tu."

Zuleha akafunga macho. Alipoyafungua yalikuwa yamejaa maji, na yale maji yalimuumiza Seif kuliko matusi. "Alhamdulillahi," akasema. "Buba! Na wewe ukanitia kwenye midomo ya watu kwa ajili ya buba. Mungu atakuuliza. Haya, pandisha kanzu. Mama yangu alitutibu sisi sote buba kwa jani la mpuju na maji moto. Pandisha, nikuoshe."

"Acha."

"Unaniona haya baada ya miaka minne?" Alikuwa ameshachovya kitambaa, ameshapiga goti, mkono mmoja unashika pindo la kanzu. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatwa na kisu cha kumenyea ndizi, kidonda kibichi, chekundu. Seif aliuona ule mkato ukipanda kuelekea tumboni kwake.

"Usiguse!" Akamsukuma. Zuleha akaanguka chali, maji yakamwagika.

Alibaki pale sakafuni akimtazama. Hakulia. Aliitazama nguo yake iliyolowa, akamtazama tena usoni, na Seif akajua kuwa ameshaelewa nusu.

"Siyo buba," Zuleha akasema.

"Siyo buba."

Akamwambia yote. Mkeka, buni, damu, mate, kisu. Alisema akiwa amesimama, kama anayeshtakiwa barazani kwa Wadachi. Zuleha alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikula damu," akasema. "Ukaona aibu. Ukaificha. Halafu ukatafuta wa kumtwika, ukanikuta mimi."

"Sikujua. Wallahi sikujua. Nilidhani ni mwanamke tu ndiye..."

"Hukujua, lakini hukuuliza. Kuku umemuuliza. Mdachi umemuuliza. Mimi nipo hapa nyumbani." Akainuka, akajikung'uta. "Kuna watu wawili waliosikia kwamba ukiwa na kaswende mimi ni malaya. Mmoja yuko hapo nje. Kamwite wa pili."

"Zuleha, tukikaa kimya..."

"Ulilisema hadharani. Kalitoe hadharani."

*

Mwalimu Abdulrahim alifika kabla ya alasiri, akakaa mahali pake pa mwanzo. Abdulatifu alikuwa na sindano yake. Watu wawili watatu wa soko walisimama mbali kidogo wakijifanya wanapima chumvi.

Seif alianza kwa salamu, akaiacha katikati. Basi akafanya kilicho rahisi. Alipandisha kanzu mpaka kifuani, akashika shuka yake ya ndani kwa mkono wa pili, akawaonyesha tumbo.

"Hiki ni kidonda," akasema, "na hii ni chale. Nimechanjiana na Mnyambo kwa ajili ya ngozi. Nimekula damu yake. Darubini imeonyesha kaswende, na kaswende imeingilia hapa, siyo kwa mke wangu. Mke wangu hana kitu. Wewe, Abdulatifu, nilikushuku. Nisamehe."

Abdulatifu akaiweka sindano chini. "Funika tumbo, Bwana Seif," akasema taratibu. "Upepo."

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Aliuvuta uzi mmoja wa mkeka, akauachia.

"Habari ya damu ni yako na Mola wako," akasema. "Ya talaka ndiyo ngumu. Ulisema, 'Ikionyesha kaswende.' Imeonyesha. Lakini labda tutazame ulikusudia nini moyoni. Kama ulikusudia hasa kwamba..."

"Mwalimu." Ilikuwa sauti ya Zuleha, nyuma ya pazia. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Usimtafutie mlango. Sharti aliliweka mwenyewe, limetimia, talaka imeshuka. Naikubali."

"Zuleha!" Seif akasema.

"Mara ya kwanza ulinirejea nikashukuru. Mara ya pili nikashukuru. Miaka yote hii nimekuwa nikiipima kila sentensi kabla ya kuitoa, kama mtu anayevuka mto kwa gogo. Nimechoka na gogo hilo, Seif."

Mwalimu akamgeukia Seif, kisha akaligeukia pazia. "Basi imeshuka," Mwalimu akasema. "Nyinyi ni mashahidi kwamba ametoka humu akiwa mwanamke mwema."

"Tumeshuhudia," Abdulatifu akasema, na wale wa chumvi nao wakaitikia, wakasahau kwamba walikuwa hawasikii.

Zuleha akatoka na sanduku lake kichwani na mkeka kwapani. Hakuwa na haraka. Angekaa eda kwa Bi Mwaja, mjane wa jirani, nyumba tatu tu kutoka pale, ambapo kila siku Seif angesikia anavyomwita kuku. Akapita katikati ya wanaume, wakampisha. Alipofika kwenye njia akageuka, sanduku limetulia kichwani.

"Huyo rafiki yako wa Nyakatuntu," akasema. "Ana mke?"

"Wawili."

"Na wanajua?"

Seif akatikisa kichwa.

"Sasa umekaa unangoja nini?"